Uyoga Uliokatwa Juu

Mimi huuza uyoga pamoja na udongo wake. Ukipita kwenye kibanda changu sokoni Kitale wakati wa mvua, utaukuta umelala juu ya gunia, kofia nyeupe huku, na huku mzizi mrefu kama mkia wa panya, udongo mwekundu bado umeushika. Wateja wapya hulalamika. Wanataka uyoga uliokatwa, ukaoshwa, ukafungwa vizuri. Nawaambia huo sina. Anayetaka uyoga msafi aende akanunue ule wa kufugwa ndani ya nyumba. Wangu umetoka kwenye kichuguu na ni lazima uje na ushahidi wake.

Jirani yangu wa kibanda anauza viazi. Wazazi wake walitoka Nyeri wakaja huku Trans-Nzoia kabla hajazaliwa, na mdomo wake haujui kupumzika.

"Woi, si uoshe hiyo kitu bana! Unauzia watu mchanga."

"Na viazi zako zimeoshwa?"

"Kiazi ni kiazi. Hakuna mtu amewahi kufa juu ya kiazi."

Akisema hivyo, hushtuka na kushika mdomo, maana anajua kwetu wako waliokufa juu ya uyoga. Halafu ananichagulia viazi vikubwa vya kupeleka nyumbani, ndiyo namna yake ya kuomba msamaha. Mimi sina shida naye. Wenye shida nami ni wengine, na hao ndio nataka kuwaandika.

Majina sitaweka. Si kwa kuogopa. Mama yangu ndiye amenikataza. Anasema wana watoto na wajukuu ambao hawakufanya kitu. Sawa. Lakini undugu wao na kazi zao nitataja, na aliyefanya atajiona.

Kwetu ni Tongaren. Babu alipata shamba huko serikali ilipogawa mashamba ya wazungu. Watu walipanda kutoka chini, upande wa Bungoma, wakaja na ng'ombe wao, mbegu zao, na ujuzi wao wa huko chini. Mzungu mwenyewe alikuwa ameenda, lakini alikuwa ameacha mstari mrefu wa miti ya kwao, ile yenye majani kama sindano na makoko magumu ambayo sisi watoto tulikuwa tunarushiana. Tuliita miti ya mzungu. Kumbuka hiyo miti.

Dada mkubwa wa baba alikuwa ameolewa huko chini na akabaki huko. Sisi tulimwita senge, kama kila mtoto wa kwetu anavyomwita shangazi. Akija kututembelea, mama alikuwa anafagia hadi nyuma ya choo. Senge alikuwa mtu wa kujua. Ng'ombe akikohoa, "hiyo naijua." Mtoto akilia usiku, "hiyo naijua." Na kwa uyoga, sitamnyima haki yake, alijua kweli. Huko kwao alijua kila kichuguu kinatoa mwezi gani, na watu walimfuata nyuma kama kuku wamefuata mahindi.

Huko chini uyoga haung'olewi. Unaukata kwa kisu juu ya udongo na kuuacha mzizi, ili kichuguu kitoe tena msimu mwingine. Mtoto aking'oa anachapwa. Halafu mkiwa mnachuma hamuongei. Wanasema kichuguu kikisikia kelele kinahama. Ni desturi nzuri, na mahali pake inafanya kazi. Mimi nimekuja kuielewa baadaye, nikiwa msichana mkubwa, kwamba ndiyo hiyo ilituua.

Asubuhi moja baada ya mvua senge alinichukua tukatafute. Nilibeba kikapu. Tulizunguka vichuguu vya shamba, hakuna kitu. Tukarudi kwa njia ya miti ya mzungu, na hapo, katikati ya zile sindano zilizooza, ulikuwa umesimama: wa kupendeza, kofia zimefunguka, rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai kidogo. Senge akaweka kidole mdomoni. Akainama akakata, akakata, akakata. Mimi nikaangalia huku na huku. Hakukuwa na kichuguu. Lakini mdomo ulikuwa umefungwa na desturi, nikanyamaza mpaka tukafika nyumbani.

"Senge, pale hakukuwa na kichuguu."

Alicheka. "Kiko chini, mtoto wewe. Unafikiri kila kichuguu lazima kitoe kichwa kikusalimie?"

Mama alichukua mmoja, akanusa, akaugeuza akaangalia pale kisu kilipopita. Mama ni mtu wa Cheptais, wa mlimani, na kwao hawakati. Wanachimba.

"Mulamwa," akamwambia, ndivyo mashemeji wanavyoitana kwetu, "umekata juu. Huko chini kulikuwaje?"

"Chini wapi?"

"Chini ya udongo."

"Ati nini? Wewe umeletwa hapa juzi kwa ng'ombe za ndugu yangu, leo unanifundisha uyoga? Hii naijua."

Akachovya kidole kwenye munyu, ile chumvi ya majivu tunayopikia mboga, akadondosha juu ya uyoga. Haukugeuka mweusi, kama wanavyosema wa sumu hugeuka. "Umeona?" Mama hakujibu. Mke hamjibu dada mkubwa wa bwanake mara mbili. Mchana senge akashika njia ya Bungoma, akatuachia wote. Hakubeba hata mmoja. Ilikuwa ni ukarimu, na hilo pia sikatai.

Mama aliupika kwa maziwa na munyu. Uyoga ukiingia kwa moto hunywea, kikapu kinakuwa bakuli. Baba akapakuliwa, sisi watoto wawili tukapakuliwa, sufuria ikaisha. Mama akala ugali wake na mboga ya mrenda ya mchana, akasema hana hamu. Ndugu yangu mdogo alikuwa na tabia ya kumaliza yake haraka na kuingiza mkono kwa bakuli langu. Siku hiyo alinimalizia karibu wote, nikalia mpaka baba akanikemea. Ule alioniibia ndio umeniweka duniani hadi leo.

Yaliyofuata nitayasema kwa ufupi. Kesho yake tulitapika, tukaharisha, tumbo kama limeshikwa na koleo. Mama alimbeba ndugu yangu mgongoni, baba akanishika mkono, tukaenda kwa mwanamume mmoja aliyekuwa na chumba cha dawa pale sokoni. Alivaa koti jeupe. Hakuuliza tumekula nini. Alisema malaria, akatupa vidonge. Halafu, na hapa ndipo uyoga ule ni mjanja, tukapata nafuu. Baba akatoka hata kuangalia mahindi. Ndugu yangu akaomba chai. Tukafikiri yameisha. Kisha macho ya baba na ndugu yangu yakawa ya njano, na wiki hiyo hiyo wakaenda wote wawili. Mimi nilibaki nimelala kama kitambaa, lakini nikabaki.

Kwenye matanga watu waliuliza kile ambacho lazima kiulizwe. Uyoga alichuma nani?

Senge alikuwa amefika kutoka Bungoma, amekaa na wanawake wa kwao. Akasema, "Mimi nilikuta umechumwa."

Nilisimama, bado sijapona. "Senge, ni wewe. Mimi ndiye nilibeba kikapu."

Baba mdogo, ndugu ya baba anayemfuata, akanipiga kofi mbele ya watu. "Mtoto hajui kitu."

Ndipo mzee mmoja wa kanisa akamwelekezea mama fimbo yake na kuuliza lile swali. Sikulisahau na sitalisahau. "Na mbona wewe hujafa?"

Mama akasema, "Haukutosha."

Neno moja tu. Haukutosha. Mwanamke amewapakulia mumewe na watoto, yeye akala mrenda wa mchana, na hilo likawa kosa. Aliyepona ndiye aliyejua. Mwenye kujua ndiye mchawi. Walifika hapo haraka sana, kama watu waliokuwa wameshajua njia. Msimu wa kulima haukuwa umefika na sisi tulikuwa tumeshatolewa, mimi na yeye, na sanduku moja. Shamba letu alililima baba mdogo. Analilima hadi leo.

Basi hao ndio niliotaka kuwaandika: shangazi aliyesema anajua, mwenye koti jeupe ambaye hakuuliza, baba mdogo na kofi lake, na mzee wa fimbo. Huyo mzee alishakufa. Watu wa Tongaren walimlilia sana. Mimi nilikuwa sokoni siku hiyo na niliuza vizuri.

Tulienda Cheptais, kwao mama. Shule iliishia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe sikulifikisha mwisho. Kwa muda mrefu uyoga haukuingia nyumba hiyo. Halafu mvua moja, nikiwa nimeanza kuwa msichana mkubwa, mama alinipeleka ukingoni mwa msitu na kijiti kilichochongwa ncha. Tukafika penye uyoga. Nikangoja aniambie.

"Huu ni mzuri?" nikamuuliza.

"Usiniulize mimi. Chimba."

Nikachimba. Mzizi ukaendelea, ukaendelea, mkono ukaingia hadi kiwiko, nikafika kwenye nyumba ya mchwa, vile vipande vyao vyenye matundu kama mkate. Mzizi ulikuwa umetoka humo. Akaniambia niguse. Nikagusa. Kisha akanipeleka mbali kidogo, kwa miti ya kigeni iliyopandwa kandokando ya shamba la mtu.

"Na huu?"

Nikachimba. Huu haukwenda mbali. Uliishia karibu, ndani ya kamfuko kepesi kalikopasuka, kama ganda la yai ambalo kifaranga ametoka. Nilikaweka kiganjani. Mama akakaangalia na sikuwahi kumwona akilia hata siku ya matanga, lakini hapo alilia.

"Hiki ndicho kilibaki kwa udongo," akasema. "Alikata juu. Kikabaki chini, hakuna aliyekiona."

Nakuomba wewe unayesoma, usichukue maneno yangu ukaenda nayo porini. Hili si darasa la uyoga. Iko mingine mibaya ambayo haina mfuko, na karatasi haijawahi kuchimbia mtu. Mimi naeleza tu jinsi nilivyojifunza kitu kingine.

Kwa sababu tangu siku hiyo mama hakunifundisha kwa kuniambia. Nilikuwa nikisema, "Huu ni ule wa kichuguu," ananikatiza: "Jina weka kando. Umeona nini?" Ilinikasirisha. Nilitaka aniambie tu, nikariri, yaishe, kama shuleni. Lakini polepole nikaanza kuhisi tofauti ndani ya kichwa changu, kama mtu anayepapasa gunia gizani na kujua hii ni mahindi na hii ni maharagwe. Yale niliyoambiwa yako mepesi. Yanakuja haraka mdomoni. Yale niliyoyagusa mwenyewe yana uzito, na yanachelewa kidogo kutoka. Senge hakuwa mwongo wakati anakata. Nimemchukia miaka mingi na bado naweza kusema hivyo. Aliyajua ya huko kwake Bungoma, kila kichuguu na mwezi wake. Halafu akayabeba yakiwa mazima akaja nayo mahali ambapo udongo ulikuwa mwingine na miti ilikuwa mingine, na hakuuliza kama bado yanafaa. Uongo wake ulikuja baadaye, kwenye matanga.

Na mama hakutaka shamba. Watu hawaniamini nikisema hivyo. Tulihamia Kitale, nikaanza kuuza mboga, kisha uyoga, akazeeka kwenye chumba changu cha kupanga, na kitu alichokuwa anataka kilikuwa kidogo hivi: "Angesema tu hakuujua," alikuwa anasema, akichambua mboga ya managu, bila hasira. "Aseme mbele ya watu. Basi." Uyoga anaukagua, anaunusa, anagombana nami juu yake. Lakini kuula, hapana. Tangu Tongaren hajawahi kuweka kipande mdomoni.

Hapa sokoni wananicheka kwa neno moja. Wanawake huniletea uyoga wao asubuhi niwauzie.

"Huu sijui," nawaambia.

"Si ni uyoga tu! Angalia!"

"Umekata juu. Sijui."

"Ati sijui! Mwenye kuuza uyoga hajui uyoga!" Na wa viazi anadakia kutoka kibandani kwake: "Huyo ukimuuliza jina la mamake atakuambia ngoja kwanza nichimbe!" Soko zima linacheka. Na mimi nacheka, kwa sababu hawajui vile wananisifu. Hakuna mtu aliyekula kutoka kwa gunia langu akaumwa tumbo. Hakuna. Wapishi wa hoteli za hapa mjini wanapita vibanda vingine wanakuja kwangu, na wakinikuta sina, wanaondoka bila uyoga. Jina langu nimelijenga kwa neno ambalo wengine wanaona aibu kulitamka. Nikisema najua, mtu huenda kupika bila kuuliza la pili. Cheo zaidi ya hicho sikitafuti.

Sasa, mvua za mwaka huu. Nilikuwa nimeinama kupanga gunia, nikasikia wa viazi akisema, "Wewe, una mgeni." Nikainua macho, na mbele yangu kulikuwa na mwanamke mzee, beseni kichwani, limefunikwa jani la ndizi. Alikuwa amekauka na mgongo umepinda, lakini nilijua tu. Kidole chake kile alichokiweka mdomoni penye miti.

"Mwana wa ndugu yangu," akasema.

Sikumpa mkono. "Senge."

Akatua beseni. Nilikuwa nimesikia kwamba alifiwa na mumewe akarudi Tongaren, anaishi kwa boma la baba mdogo na mjukuu wake aliyeoa. Hatukuwa tumeonana tangu sanduku lile.

"Nimeleta hizi uangalie," akasema. "Mke wa mjukuu amekataa kuzipika. Anasema bila yule wa Kitale kuona, haingii jikoni. Watoto wa siku hizi, bana. Nimemwambia mimi nimechuma uyoga kabla mamake hajazaliwa!"

Nikafunua jani. Ulikuwa mweupe, mzuri, mwingi. Kila mmoja umekatwa juu.

"Umechuma wapi?"

"Kule kwa shamba."

"Shamba gani?"

Akaangalia pembeni. "Lenu."

"Kwa kichuguu au kwa miti?"

"Karibu na miti. Lakini kichuguu nacho kipo, kiko hapo karibu."

Mama alikuwa amekaa nyuma yangu kwenye kreti, kama kila siku mchana. Senge hakuwa amemwona. Nikasogea kando ili amwone. Waliangaliana, wazee wawili. 

 Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo tangu utoto, nilikuwa na hotuba nzima, na matusi yake. Yote yakapotea. Nikabaki na swali tu.

"Senge. Hizi unazijua?"

"Si nimekuambia nimechuma tangu..."

"Sijauliza tangu lini. Wa viazi hapa ana jiko na sufuria. Useme unazijua, nipike sasa hivi, ukae hapa ule wewe kwanza. Useme tu, 'hii naijua.'"

Wa viazi aliacha kupanga viazi vyake. Akasimama na kiazi mkononi.

Senge aliweka mkono juu ya uyoga. Alichukua mmoja, akaugeuza, akaangalia pale kisu kilipopita, pale pale mama alipokuwa ameangalia siku ile.  Nafikiri hapo ndipo alipoona kilichokosekana. Kila kitu ambacho angetaka kukiona kilikuwa kimebaki Tongaren ndani ya udongo.

"Sijui," akasema.

Mama akaongea kutoka kwa kreti yake, sauti ya chini, sauti ya mtu anayeuliza bei.

"Na ule, mulamwa?"

Senge alikaa chini, pale pale kwa mchanga wa soko, miguu mbele kama mtoto. "Na ule sikuujua," akasema. "Nilipoambiwa wamekufa nilijua ni ule. Nilijua njiani nikija. Nikaogopa."

"Uliogopa," mama akarudia.

"Niliogopa."

Mimi nilitaka kumwambia kwamba na sisi tuliogopa, tukiwa na sanduku kichwani. Mama akanishika nguo nikanyamaza. Akamwambia senge, "Umesema hapa kwa watu wa viazi. Hawa hawakunifukuza. Utasema nyumbani?"

Senge aliinamisha kichwa. "Nitasema."

Beseni lile nililimwaga kwenye shimo la taka na kufunika, ili hata kuku wasidonoe. Labda ulikuwa mzuri wote. Sitajua kamwe, na hilo halinisumbui.

Siku tuliyokwenda Tongaren, mama alivaa kitambaa chake cha kanisani. Miti ya mzungu ilikuwa imepunguzwa, lakini mingine imesimama. Mahindi kwenye shamba la baba yalikuwa mazuri, na yaliniuma. Baba mdogo hakutoka nje. Alikuwa ndani na redio yake, tuliisikia, na kila mara mtu akitaja jina la mama, redio ilipanda sauti. Basi na apande. Mjukuu wa senge na mkewe walitupokea, majirani wakaja, na wazee wachache waliokuwa kwenye matanga yale.

Kabla ya maneno, mama alimwomba senge watembee. Nikawafuata. Kule mpakani mwa shamba kuna kichuguu cha zamani, na mvua ilikuwa imekiamsha: uyoga umejaa ubavuni. Senge kwa mazoea akachomoa kisu. Mama akakichukua kutoka mkononi mwake polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kitu chenye ncha, akampa kijiti.

"Kichuguu kitahama," senge akasema.

"Kihame."

Akapiga magoti, na nyinyi mnajua magoti ya wazee. Alichimba. Alichimba mpaka mkono ukaingia, na nikauona uso wake ulipogusa chini, kwenye ile nyumba ya mchwa. "Kumbe inatoka huku," akasema. Maisha yake yote amechuma uyoga na hakuwa amewahi kupagusa. Nilikuwa nimekuja nimejaa hasira na nikajikuta nafundisha: shika hapa, usivute, fuata. Mama amesimama nyuma akisema, "Usimwambie. Mwache aone."

Tuliporudi uani, senge alisimama. Mjukuu wake akasema, akimwita bibi yake kwa lugha ya kwetu, "Kukhu, hayo ni mambo ya zamani, si tule kwanza?"

"Aseme," mama akasema.

Na akasema. Kwamba uyoga ule aliuchuma yeye. Kwamba hakuujua na alisema anaujua. Kwamba mtoto aliyesimama kwenye matanga alisema kweli akapigwa kofi. Ndani, redio ilipanda. Mzee mmoja akajikohoza, mwingine akaangalia viatu vyake, na hakuna aliyeomba msamaha, maana watu wakiwa wengi kila mmoja anangoja mwenzake. Lakini walisikia. Sasa hakuna atakayesema hakuambiwa.

Mama ndiye aliyepika. Mke wa mjukuu alimwachia jikoni bila kuombwa. Uyoga wa kichuguu kile, maziwa, munyu. Sufuria ikaja uani, mama akashika mwiko, akapakua kwenye sahani, na hapo watu wote wakatulia. Kila mtu alikuwa amekumbuka ni mkono wa nani.  Nilimwangalia mama ameshika ile sahani hewani, na hakuna mkono uliokuja kuipokea, na nikasema moyoni, basi, ndivyo itakavyokuwa hadi tufe.

Senge akanyoosha mkono wake, kucha bado zina udongo, akaipokea. Alikata tonge la ugali, akachota uyoga, akala mbele yao wote, akatafuna polepole huku wamemwangalia. Akameza. "Huu naujua," akasema.

Mikono mingine ikaja. Mama alipakulia kila mtu, wakubwa kwa wadogo, na mimi nikaletewa langu. Halafu akachungulia ndani ya sufuria, akachukua sahani ya mwisho, akajipakulia na yeye.

Safari hii ulitosha.